Lamu kwa Ratiba ya Orlando

Jumatatu: Mombasa hadi Mokowe

Basi la Lamu liliondoka Mombasa kungali giza, na kabla hatujavuka daraja la Nyali mpwa wangu alikuwa ameshafungua simu kuangalia kama tumechelewa. Tulikuwa tumechelewa kidogo. Akaandika.

Ni binti wa dada yangu, anaishi Orlando, Florida. Amekuja na watoto wake wawili, mkubwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mdogo mvulana wa saba. Mume amebaki kazini. Safari yenyewe ni ya mamangu, mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, ambaye hakuwa amewaona vitukuu wake ila kwenye simu, na aliyeshikilia kwamba kama ni kuwaona basi atawaonea kwao, Lamu, si Mombasa kwenye nyumba ya kupanga.

Ratiba ilinifikia muda mrefu kabla ya wageni. Ilikuwa jedwali la Google Sheets, kila mstari nusu saa, na safu za mahali, nani anakwenda, gharama, na tufanye nini likiharibika. Rangi ya kijani ni lazima, manjano ni tukipata nafasi, kijivu ni usingizi wa Bibi. Hiyo kijivu ndiyo iliyonifanya nimheshimu huyu mtoto. Nimeona safari nyingi za ukoo zikivunjika mchana kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba wazee hulala.

Tabia hii ameipata huko anakoishi. Walt Disney World ilifunguliwa jirani na Orlando tarehe 1 Oktoba 1971, na sasa ina bustani nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT ya 1982, Hollywood Studios ya 1989 na Animal Kingdom ya 1998. Universal nao wana zao, na mwaka 2025 wakaongeza Epic Universe. Tiketi ni ghali, jua la Florida ni kali, na mtu asiyejipanga huimaliza siku yake kwenye foleni. Kwa hiyo watu wa kule wana zana: kalenda za kukadiria siku zenye umati, programu za kuonyesha foleni ya kila mchezo ni dakika ngapi kwa wakati huo, na nyingine za kukupangia uanzie wapi na umalizie wapi. TouringPlans, ambayo mpwa wangu anaitumia, ilianzishwa na mtaalamu wa kompyuta aitwaye Len Testa, aliyeitazama bustani kama lile fumbo la hesabu la mchuuzi anayetaka kupita miji yote kwa njia fupi kuliko zote.

"Mjomba, michezo kumi tu unaweza kuipanga kwa namna zaidi ya milioni tatu na laki sita," aliniambia tulipokuwa Kilifi.

Nikamwambia Lamu hakuna michezo kumi.

"Kuna sehemu sita kwenye jedwali. Ni namna 720."

Mamangu, tuliyedhani amelala, akauliza kama katika hizo 720 imo hata moja ya kwenda kumwona wifi yake Langoni. Haikuwamo. Ikaongezwa hapo hapo, na yule msichana, baada ya kupiga hesabu kwa vidole na midomo, akatangaza kwamba sasa ni 5,040.

Chai tulikunywa Malindi. Garsen jedwali lilitupa robo saa, dereva akatupa alichotaka. Njia ya Witu ni lami sasa, ila vituo vya ukaguzi ni vile vile: shuka, kitambulisho mkononi, panda. Hayo hayapangiki, na mpwa wangu alikuwa ameyaachia nafasi ya kutosha. Tulifika Mokowe alasiri maji yametoka. Ngazi za chini za gati zilikuwa na utelezi wa mwani, na mamangu alishushwa na vijana wawili huku akiwauliza ukoo wao. Nikalipitia tena jedwali kwenye boti. Lilikuwa na safu ya hali ya hewa, safu ya nyakati za swala, safu ya chaji ya simu. Safu ya maji haikuwamo.

Jumanne: Ngome na vichochoro

Wenyeji wa Orlando hufika langoni kabla halijafunguliwa, kwa kuwa saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi mpaka jioni. Ratiba yetu ikasema hivyo hivyo: mahamri na mbaazi saa moja, tuwe mbele ya Ngome kabla ya mtu yeyote. Tukawa. Foleni ilikuwa sisi na paka watatu.

Lakini nisicheke sana, maana kuwahi kulitufaa kwa sababu nyingine. Saa mbili asubuhi paa la Ngome lina kivuli na upepo wa kusi. Saa sita pale juu unakaangika. Ngome ilianzwa kujengwa 1813 ikamalizika 1821, na ilitumika kama jela hadi 1984. Mamangu anaikumbuka kwa hiyo jela. Alipokuwa mtoto hakuruhusiwa kuikaribia, na leo hakuona sababu ya kupanda ngazi zote hizo kutazama alikokatazwa.

Kwa hilo mpwa wangu alikuwa na dawa aliyokuja nayo kutoka kule. Disney wana utaratibu ambapo mzazi mmoja huenda kwenye mchezo na mtoto mkubwa, mwingine hubaki na mdogo asiyeruhusiwa, kisha wanabadilishana bila yule wa pili kupanga foleni upya. Sisi aliyebaki chini alikuwa mzee badala ya mtoto. Tulimketisha mamangu Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, kwenye kivuli, mimi nikabaki naye kwanza na kahawa, wao wakapanda. Wakashuka, mpwa wangu akabaki, nikapanda mimi. Hakuna aliyekosa kitu wala aliyeharakishwa, na mamangu alipata zamu mbili za kuamkiwa na kila apitaye. Kufikia saa nne alikuwa anajua nani kaoa, nani kauza shamba, na nani haongei na nani.

Tukaingia Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kisha vichochoro vya mtaa wa Mkomani. Hapo mdogo alisimama. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe, chokaa imebanduka vipande, baraza mbili kandokando ya mlango wa nakshi, na punda amefunga njia nzima.

"Mama, hapa ni Harambe."

Ndani ya Animal Kingdom kuna kijiji cha kubuni cha Afrika Mashariki kiitwacho Harambe, na waliokibuni, wakiongozwa na Joe Rohde, walikuja pwani yetu wakaiga Lamu: kuta zilizobanduka, milango, mabango yaliyochakaa. Kutoka hapo ndipo unapopanda lori kwenda kutazama twiga na tembo kwenye Kilimanjaro Safaris. Kwa hiyo huyu mtoto alikuwa amekwisha kuiona Lamu kabla ya kuiona Lamu. Alikuwa na maswali ya mtu anayejua kazi. Aliugusa ukuta, akautazama unga uliobaki kidoleni, akauliza nani huja usiku kuupaka uchakavu. Dada yake akamwambia hakuna, umechakaa wenyewe. Akauliza mbona hawautengenezi. Hilo nililiacha, maana hata wazee wa mji hawajalimaliza. Mji huu umo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2001, na kupaka nyumba yako chokaa kwa namna unayotaka si jambo jepesi kama zamani.

Ramani ya simu ilitushinda humo. Nyumba ni za ghorofa, vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili, na lile doa la buluu likawa linaruka kutoka paa hadi paa. Mpwa wangu alikuwa ameshusha ramani nzima ili aitumie bila mtandao, kazi nzuri, ila doa lisipojua liliko ramani haina kazi. Msichana ndiye aliyetutoa. Aliona mifereji ya maji machafu yote inaelekea upande mmoja, akaifuata, tukatokea baharini.

Jumatano: Maji mafu

Leo ilikuwa Takwa, mstari wa kijani kutoka saa tatu hadi saa saba. Mpwa wangu jana usiku alikuwa ameshatia safu ya maji kwenye jedwali. Hakuambiwa na mtu, ngazi za Mokowe zilimtosha. Akashusha programu ya kupwa na kujaa, akaona maji yatajaa saa tano asubuhi, akafurahi: tuingie kwa maji yanayojaa, tutoke kabla hayajaondoka.

Nahodha alikuja gatini akasikiliza ratiba yote bila kukatiza. Kisha akauliza, "Leo mwezi ngapi, binti?"

"Wa saba. Julai."

"Mwezi wa mbinguni."

Hakujua. Mamangu alijua: mwezi nane, yaani siku ya nane tangu uandame.

"Basi simu yako haisemi uongo," nahodha akasema. "Maji yatajaa saa tano. Iulize sasa yatajaa kiasi gani."

Akaiuliza. Programu ilikuwa na safu mbili, ya saa na ya kimo kwa mita, na yeye alikuwa amenakili ile ya saa peke yake. Akasogeza kidole siku kwa siku. Kimo cha leo kilikuwa kidogo kuliko cha siku zote za wiki. Kuanzia kesho kutwa kinaanza kupanda.

Kwa asiyekulia pwani: mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja, maji yakajaa sana na kutoka sana. Hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, kila mmoja huvuta kwa upande wake, maji yakawa hayajai kitu wala hayatoki kitu. Ndiyo maji mafu. Na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kama dakika 50, wakati mwingine zaidi. Takwa iko kisiwa cha Manda, mwisho wa mkondo unaopenya kwenye mikoko, na mkondo huo siku ya maji mafu huingilika kwa muda mfupi sana. Ukikawia, unashuka kwenye tope na kutembea. Kijana atatembea. Mamangu hatatembea.

"Jumamosi," nahodha akasema. "Mwezi kumi na moja. Tutoke baada ya adhuhuri."

Nilimwangalia mpwa wangu nione atachukuliaje mstari wa kijani kuhamishwa na mtu asiyefungua hata simu. Hakununa. Aliniambia baadaye kwamba kule Orlando mchezo mkubwa huharibika asubuhi, ukafungwa, na programu nzuri ni ile inayokuruhusu kupanga upya siku nzima ukiwa umesimama hapo hapo. Alikaa kwenye ukingo wa gati, akaburuta Takwa hadi Jumamosi, akavuta Nyumba ya Makumbusho ya Mswahili kutoka Jumamosi hadi leo, akaangalia kama kijivu cha Bibi kimeguswa. Hakikuguswa. Ilimchukua muda wa kunywa madafu.

Mimi nilimwamini nahodha kwa sababu moja tu: alikuwa anaikataa pesa ya leo. Mtu wa bahari anayekwambia leo hapana, msikilize.

Nyumba ya Mswahili ilitufaa kuliko nilivyotazamia. Ndani mna zidaka, vile vidirisha vipofu vya chokaa vilivyopangwa ukutani safu juu ya safu, na mamangu alisimama mbele yake akaanza kueleza nini kilikaa wapi kwa bibi yake: hapa kopo la kichina, hapa msahafu, hapa chupa ya marashi ambayo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuigusa. Mkubwa alichora. Tulikuwa tumepangiwa dakika arubaini. Tukakaa mpaka mlinzi akaleta kiti.

Alhamisi: Shela

Maji yalikuwa chini alfajiri, kwa hiyo tulikwenda Shela kwa miguu kando ya bahari, karibu kilomita tatu, tukarudi kwa boti mchana maji yalipokwisha kuimeza njia. Sasa safu ya maji imehamishwa ikawa ya pili kutoka kushoto.

Watoto waliogelea, wakapanda vilima vya mchanga, wakashuka kwa matako. Niliwaambia maji ya kunywa ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima hivyo. Hawakuamini, na sikuwalaumu, mchanga ule mkavu haufanani na kitu chenye maji. Jedwali lilikuwa na mistari minne ya manjano kwa Shela. Hatukutimiza hata mmoja. Mpwa wangu alilala kwenye mkeka chini ya kanga, simu imefunikwa uso chini.

Ijumaa: Saa nane kamili

Ijumaa Lamu haina haja ya kupangiwa. Ukitaka kununua kitu, nunua asubuhi. Adhuhuri maduka mengi yanafungwa, wanaume wako msikitini, na mji unanyamaza kiasi cha kusikia punda wakitafuna. Mpwa wangu hilo aliliona tangu Orlando, kwa ile safu ya swala, na mstari wa Ijumaa mchana aliuandika neno moja: *nyumbani*. Asubuhi tulimpeleka mamangu Langoni kwa wifi yake. Tuliambiwa tumfuate magharibi.

Lakini saa nane mchana ilikuwa ya kijani, na ya kijani iliyokolea.

Ijumaa ijayo, wakisharudi Florida, familia ya mume wake inakutana Animal Kingdom, na wamechukua vyumba kwenye hoteli ya Disney yenyewe. Aliyelala kwenye hoteli zao huruhusiwa kuchagua nafasi za Lightning Lane siku 7 kabla ya kufika. Wengine wote husubiri siku 3. Dirisha hufunguka saa moja asubuhi kwa saa za Florida, ambayo kiangazi hiki ni saa nane mchana kwetu. Aliyechelewa hupata masazo.

Lightning Lane ni njia ya pembeni. Mwaka 1999 Disney walianzisha mfumo wa tiketi za kurudi baadaye bila kusimama foleni nzima, na haukuwa na malipo zaidi ya kiingilio. Mwaka 2021 ukaondoka, ukaja wa kulipia, na Julai 2024 huo wa kulipia ukapewa jina na taratibu za sasa: unachagua michezo mitatu na saa zake mapema, na bei hupanda na kushuka kwa siku na kwa bustani. Michezo inayogombaniwa zaidi huuzwa mmoja mmoja, mbali na hiyo mitatu.

Saa nane kasoro dakika kumi tulikuwa darini, pale ambapo mtandao unashika, watu watatu na simu mbili. Ya mpwa wangu kwa Disney, yangu kwa hotispoti, nikiwa nimetia bando jipya asubuhi kwa amri yake. Mkubwa alisoma orodha kwa sauti: Kilimanjaro Safaris asubuhi, kwa sababu jua likishakuwa kali wanyama hujilaza vivulini, kisha Expedition Everest, kisha mashua za Na'vi River. Mchezo wa Pandora wa kupanda juu ya mnyama arukaye, ambao tangu 2017 haujaisha foleni, utanunuliwa peke yake.

Saa nane. Ukurasa ukazunguka. Ukazunguka. Nikaona jasho kwenye mdomo wa juu wa mwanamke ambaye jana alilala juu ya mkeka bila habari. Akaguswa na upepo, akasogea hatua mbili kusini, ukurasa ukafunguka. Safaris saa tatu na nusu. Everest saa tano. Wa tatu ulikuwa umebaki wa alasiri, akauchukua hivyo hivyo. Yote yalimalizika kabla muadhini wa jirani hajamaliza kukohoa kwenye kipaza sauti.

Magharibi nilimsimulia mamangu tukiwa njiani kutoka Langoni.

"Wanauza foleni?"

"Wanauza njia ya kuikwepa, mama."

"Na asiye na pesa?"

"Anangoja."

Alitembea kimya mpaka kwenye kona ya msikiti. "Na wanakwenda kutazama nini?"

"Tembo. Twiga. Pundamilia."

"Florida?"

"Florida."

Akauliza kama mjukuu wake anajua kwamba Tsavo iko njiani akitoka Mombasa kwenda Nairobi. Nikamwambia anajua, na kwamba Tsavo hakuna anayekuhakikishia tembo saa tatu na nusu. Hilo lilimwingia zaidi kuliko nilivyotaka. Alilirudia kwa wifi yake kwenye simu usiku, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa bei ya nyanya.

Jumamosi: Takwa

Tuliswali adhuhuri, tukashuka gatini. Nahodha alikuwa ameshaitandika mashua kipande cha turubai kwa ajili ya kivuli, na kiti cha plastiki amekifunga kamba mbele kwa ajili ya mamangu. Kiti hakikuwa kwenye jedwali.

Ukivuka mkondo mkuu wa Lamu unaingia Manda kwa ubavuni. Mwanzoni mkondo ni mpana, mikoko iko mbali; kisha inakukaribia pande zote mbili, mpaka matawi yanapita juu ya turubai. Nahodha alizima injini, akachukua upondo. Maji yalikuwa ya kahawia na tulivu, yamepanda hadi katikati ya mizizi, na juu ya mizizi iliyobaki kavu kulikuwa na kaa wadogo wenye gando moja jekundu. Tulivyopita waliingia kwenye vishimo vyao wote kwa pamoja, na nyuma yetu wakatoka tena. Mdogo alijaribu kuwahesabu. Mkubwa alishika simu ya mama yake, akawa anatazama saa na mwinuko wa maji, akimwambia nahodha bado dakika ngapi kabla ya kujaa kabisa. Nahodha alimjibu kila mara kwa heshima, kama anavyojibiwa baharia mwenzake. Walitofautiana mara moja tu. Mtoto alisema bado yanapanda. Nahodha akamwonyesha jani lililokuwa likielea pembeni ya mashua, limesimama. Robo saa baadaye nilimwona mtoto ametupa jani lake mwenyewe.

Takwa ni mji ulioachwa. Ulistawi karne ya 15 hadi ya 17. Kuta za nyumba zimebaki hadi kifuani, mibuyu imeota katikati, na msikiti mkuu una nguzo juu ya ukuta wa kibla, jambo ambalo sijaliona kwingine. Nje ya ukuta wa mji, upande wa kaskazini, kuna kaburi lenye nguzo na maandishi ya tarehe ya miaka ya 1680. Watu wa Shela huihesabu Takwa kuwa kwao kwa asili, na bado huja kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Mamangu alisoma Fatiha. Nahodha naye alivua kofia akaivaa upya, akasimama nyuma yake mpaka akamaliza.

Jedwali liliweka saa mbili. Maji yaliweka saa moja na nusu, na nahodha alikuwa ametwambia tukiwa bado majini: tisa na robo kila mtu awe ndani ya mashua. Kwa hiyo ilibidi kuchagua, na hapo mpwa wangu alikuwa kwenye kazi anayoijua. Aligawa watu kama Jumanne: mimi na mamangu msikitini na kaburini, pole pole, yeye na watoto wakakimbia hadi upande wa pili wa kisiwa, ambako njia ya mchanga inatokea kwenye bahari kuu, wakaona mawimbi ya kusi, wakarudi. Kisha wakapita kwenye nyumba na mkubwa akasoma vibao. Hakuna aliyepiga picha zaidi ya mbili tatu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema kule kwenye bustani alishajifunza kwamba dakika za picha huibwa kutoka kwenye mchezo unaofuata.

Mdogo alikuja kunishika mkono karibu na lango.

"Babu, duka liko wapi?"

Nikamwambia hakuna duka.

"Sasa tutajuaje imekwisha?"

Kule Orlando michezo mingi hukutolea dukani. Nilimwonyesha nahodha, aliyekuwa amesimama kwenye mashua na upondo wake, na mstari wa unyevu kwenye mizizi ya mikoko, upana wa vidole vinne juu ya maji. Tulipokuja haukuwapo. Akautazama, akamwita dada yake aje auone.

Tulitoka saa tisa na dakika tano. Katikati ya mkondo mwembamba chombo kiligusa chini mara moja, kikakwaruza, kikaendelea.

Jumapili: Kurudi

Basi huondoka Mokowe asubuhi, kwa hiyo boti ilikuwa ya saa kumi na mbili. Mstari wa leo ulikuwa na majina matano ya kijani. Wanne ndio walioshuka gatini.

Mamangu anabaki kwa wifi yake. Aliliamua Ijumaa, inaonekana, ila hakutaka kuivuruga Takwa. Nguo zake zilikuwa zimeshapelekwa Langoni kwa punda tangu jana, na hakuna hata mmoja wetu aliyeona. Mpwa wangu alimbusu mkono, akalia kidogo, akafungua jedwali.

"Bibi, utarudi lini? Niandike."

"Andika nikichoka."

Kiti chake kwenye basi alikikalia kijana wa Faza anayekwenda Malindi. Witu hakukuwa na mtandao. Garsen ulirudi, na mpwa wangu alikuwa anamrekodia nahodha ujumbe wa sauti kumuuliza kuhusu Desemba: shule zikifungwa, mwezi kumi na moja utaangukia tarehe ngapi, na kama mashua yake itakuwa na nafasi ya watu wanane.